Alama za taifa letu ni zipi hasa, na ni nani anayeziamua?

Mwalimu wa Uraia, Kahama

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninafundisha Uraia na Maadili katika shule ya msingi, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya alama za taifa huandika ubaoni orodha ileile ambayo nasi tuliikuta shuleni: bendera, nembo, wimbo wa taifa, Mwenge wa Uhuru, fedha, lugha ya Kiswahili na twiga. Safari hii mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alinyoosha mkono akauliza ni nani aliyemchagua twiga, na kwa nini noti ya shilingi elfu mbili anayotumwa nayo dukani ina simba badala ya huyo twiga. Kabla sijamjibu, mwenzake akadakia kwamba, ikiwa tunazungumzia vitu vinavyowatambulisha Watanzania, basi kanga ingestahili kuwa ya kwanza, kwa sababu hakuna nyumba kijijini kwao isiyo na kanga, ilhali zipo nyumba nyingi ambazo hazijawahi kuwa na bendera.

Niliwaambia kwamba maswali yao ni ya msingi na kwamba nitayarudia katika kipindi kijacho. Ninachoomba kwenu ni hiki: katika orodha hiyo, ni zipi zilizowekwa na sheria na ni zipi zilizokubalika kwa mazoea tu? Na je, alama ambayo wananchi wamejichagulia wenyewe ina uzito mdogo kuliko ile iliyotangazwa na Serikali? Sitaki kuwapa watoto jibu la kukariri kwa ajili ya mtihani peke yake.

Wakili wa Dodoma

Mwalimu, pole na kazi, na uwapongeze wanafunzi wako kwa niaba yangu. Nitajibu upande wa sheria, upande wa hisia nitawaachia wengine.

Alama mbili zilizosimama imara kisheria ni bendera na nembo. Zina sheria yake mahususi, yaani Sheria ya Bendera ya Taifa na Nembo ya Taifa ya mwaka 1971, ambayo katika mkusanyiko wa sheria zetu ni Sura ya 10. Sheria hiyo ndiyo inayozilinda zisidhalilishwe wala kutumiwa kiholela, na ndiyo sababu mfanyabiashara hawezi kuchukua nembo ya Bibi na Bwana akaibandika kwenye bidhaa zake kama anavyoweza kubandika picha ya mlima. Fedha nazo zina msingi wake, kwa kuwa Benki Kuu pekee ndiyo yenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi mwaka 1967, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili kiwe pia lugha ya sheria na ya mahakama.

Twiga yuko katika kundi jingine. Sheria za wanyamapori zinamlinda, na kumuua ni kosa, lakini hadhi yake ya kuwa mnyama wa taifa imejengwa zaidi na mazoea: vitabu vya shule, ndege za shirika letu zenye kichwa cha twiga mkiani, na timu ya taifa ya soka ya wanawake inayoitwa Twiga Stars. Kuhusu fedha, mtoto ameona vizuri kabisa. Noti ya elfu mbili ina simba, ya elfu tano ina faru na ya elfu kumi ina tembo. Elfu moja ina sura ya Mwalimu Nyerere. Twiga hana noti ambayo yeye ndiye picha yake kuu, na hilo halijampunguzia chochote machoni pa watu.

Jambo moja la kuongeza: Rasimu ya Katiba iliyotolewa mwaka 2013 na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na ibara iliyotaja alama za taifa kwa majina, nazo zilikuwa tatu tu, yaani bendera, wimbo na nembo. Mchakato ule ulisimama kabla ya kura ya maoni, kwa hiyo orodha ndefu unayoiandika ubaoni inatoka kwenye mtaala na kwenye desturi. Kwa maoni yangu, mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi. Sheria inatueleza alama gani zinalindwa kwa adhabu. Haijawahi kujaribu kutueleza alama gani zinapendwa.

Mchoraji Mstaafu, Mwanza

Mwalimu, nimefundisha sanaa za ufundi kwa muda mrefu, na ningependa kukushawishi ukae na nembo kuliko unavyokaa na orodha. Watoto wengi huiona kila siku kwenye kuta za ofisi, kwenye barua na kwenye vyeti, lakini hakuna anayewasimamisha mbele yake na kuwaambia watazame kilichomo.

Anza chini. Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Kushoto na kulia wako mwanamume na mwanamke, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Sasa waambie watoto wainamishe macho hadi miguuni mwao: penye miguu ya mwanamume kuna mkarafuu, na penye miguu ya mwanamke kuna mpamba. Hapa Usukumani hakuna mtoto asiyeujua mpamba, na mara anapouona kwenye nembo ya nchi, uso wake hubadilika. Nimeliona hilo darasani kwangu mara nyingi. Mkarafuu ni wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 umechorwa miguuni mwa watu wawili kwa mazao yaliyowalisha, na mtoto anaweza kuusoma hata kabla hajaijua tarehe yake.

Kisha panda kwenye ngao yenyewe. Sehemu ya juu ina rangi ya dhahabu na ndani yake unawaka Mwenge. Chini yake kuna bendera ya taifa. Inafuata sehemu nyekundu, ambayo ni udongo wenye rutuba, na chini kabisa kuna mawimbi ya bluu na meupe, ambayo ni bahari, maziwa na mito. Katikati umesimama mkuki, ukipitwa na jembe na shoka vilivyopishana. Kwenye utepe wa chini kumeandikwa Uhuru na Umoja. Waulize watoto maneno hayo wameyasikia wapi kwingine. Watafikiri kidogo, halafu mmoja atakumbuka ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, ambao unaomba uhuru na umoja vidumishwe, na ambao unawataja wake, waume na watoto. Mwanamume na mwanamke wa kwenye nembo ndio hao hao wa kwenye wimbo. Sijui kama waliochora na waliotunga maneno walikaa meza moja, lakini darasani ulinganifu huo una nguvu kuliko maelezo yoyote.

Ndiyo maana ninaona si haki kwamba mkono uliochora nembo hautajwi. Mwaka 2017 vyombo vya habari viliandika habari za mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa akiishi maisha magumu Buguruni jijini Dar es Salaam, na ambaye alieleza kwamba yeye ndiye aliyeichora. Alifariki dunia mwezi Mei mwaka huohuo akiwa amelazwa Muhimbili. Wapo waliotaja majina mengine, na mjadala ule haukufungwa vizuri. Mimi ninashika jambo moja tu: nchi inayowafundisha watoto wake kuheshimu nembo ingepaswa pia kuwa na kumbukumbu iliyo wazi ya watu walioitengeneza, na wala isingesubiri mpaka mzee akutwe hoi ndipo ianze kuuliza.

Kijana wa Iringa

Ninaomba nitetee Mwenge, kwa kuwa mara nyingi unajadiliwa kwa hasira kuliko kwa maarifa. Mwaka 1959, akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo pamoja na bendera ya Tanganyika hadi kileleni, mahali ambapo leo tunapaita Uhuru, kwenye mwinuko wa mita 5,895. Wakati huo nchi nyingi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado hazijajitawala, kwa hiyo kumulika nje ya mipaka hakukuwa pambo la hotuba.

Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964 na siku hizi kilele chake ni tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu. Ninajua malalamiko kuhusu michango na kuhusu miradi inayopakwa rangi haraka haraka kwa sababu Mwenge unakuja, na ninajua wapo wanaotaka uhifadhiwe makumbusho. Ni hoja za kujadiliwa. Hata hivyo, ukiutazama mkesha wa Mwenge katika halmashauri ya mbali, wazee wakiwa wamekaa na wajukuu wao hadi alfajiri, utaona kwamba hapo kuna kitu ambacho waraka wa Serikali peke yake haungeweza kukileta. Ningependa mwalimu awafundishe watoto yote mawili, ile fikra ya mwaka 1959 na haya mabishano ya leo.

Bibi wa Mkunazini, Zanzibar

Assalaam alaykum. Mwalimu, wanafunzi wako wana akili njema, Mungu awakuze. Nina mambo mawili, na la kwanza ni la bendera.

Huku kwetu mtu wa umri wangu ameishi chini ya bendera kadhaa. Ilikuwapo nyekundu ya Sultani. Siku ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ilipandishwa nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za dhahabu ndani yake, na haikumaliza hata miezi miwili, kwa kuwa Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Baadaye ikawa ya bluu, nyeusi na kijani. Ilipofika mwezi Juni mwaka huo, bendera hiyo iliunganishwa na ya Tanganyika, ambayo ilikuwa ya kijani na nyeusi yenye mistari ya dhahabu, ndipo ikapatikana hii ya Jamhuri ya Muungano. Wengi wa Bara hawajui kwamba ile bluu waliyofundishwa kuwa ni bahari na maziwa imetoka kwenye bendera yetu. Waambieni watoto. Rangi moja tu, lakini kwetu ina maana kubwa.

Mwezi Januari mwaka 2005 Zanzibar ilipandisha tena bendera yake, bluu, nyeusi na kijani, ikiwa na bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Tuna wimbo wetu pia, na tuna Zanzibar Heroes uwanjani. Mwezi Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika lilitupokea kuwa mwanachama kamili, na mwezi Julai likatuondoa. Mtoto wa hapa aliyeshangilia mwezi Machi akalia mwezi Julai amejifunza kuhusu alama za taifa jambo ambalo kitabu hakimfundishi. Ninalisema hili bila kinyongo na Muungano. Mtu anaweza kusimama wima kwa bendera mbili, nasi tunafanya hivyo kila siku.

La pili ni kanga, na hapo nipo pamoja na yule mtoto. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina chini ya mji. Tunainunua doti, tunaigawa vipande viwili, tunajifunga na kujitanda, tunambebea mtoto, na maiti wetu tunamfunika nayo. Sikukuu za kitaifa hutoka kanga zenye sura za viongozi, zenye mwenge, zenye ramani ya nchi, na huvaliwa mpaka zikachakaa na kuwa za jikoni. Kwa hivyo hata Serikali inapotaka neno lake lifike ndani ya nyumba, hulipitishia kwenye kanga. Zimeundwa kamati zaidi ya mara moja za kutafuta vazi la taifa, wakachora, wakaonyesha, na bado hakuna vazi lililoshika. Mimi sishangai. Hao wanawake walikwisha kuchagua zamani, na hakuna aliyewauliza.

Msomaji wa Mombasa

Ninawasalimu kutoka Kenya. Mjadala huu unanihusu kwa sababu huku jambo mlilokuwa mkilitafuta limeandikwa ndani ya Katiba. Ibara ya 9 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja alama za taifa kuwa ni bendera, wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa taifa, kisha inataja sikukuu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Ibara ya 231 inasema noti na sarafu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Wananchi walikuwa wamechoka kubadilishiwa sura kwenye pesa kila anapokuja rais mwingine, na sarafu mpya zilipotolewa mwezi Desemba 2018 zilikuwa na wanyama: twiga kwenye shilingi moja, faru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mwambieni yule mwanafunzi wa Kahama kwamba twiga aliyemkosa kwenye noti yenu yuko kwenye shilingi yetu.

Lakini kuandikwa katika Katiba hakukumaliza mambo. Alama ambayo Mkenya huivaa mwilini ni bangili ya shanga yenye rangi za bendera, nyeusi, nyekundu, kijani na mistari myeupe. Wanaitengeneza akina mama na vijana, inauzwa sokoni na vibandani, na utaiona mkononi mwa kondakta wa matatu na mkononi mwa waziri. Hakuna ibara inayoitaja. Mkenya aliye ughaibuni hukutana na mwenziwe kwenye treni, akaiona ile bangili, na mazungumzo yakaanza.

Kuhusu kanga, Bibi wa Mkunazini atanisamehe nikidai fungu letu. Sisi tunaiita leso, na yale maneno ya Mali ya Abdulla yanayoonekana kwenye leso nyingi ni ya duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, hapa kwetu Mombasa. Vivyo hivyo Kiswahili, ambacho kwetu pia ni lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba. Hata wimbo wenu wa taifa una sauti aliyoitunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, na Zambia wanaimba kwa sauti hiyohiyo kwa maneno yao. Sioni kwamba alama hupungua nguvu kwa kuwa na jirani anayeitumia. Mtanzania akisikia sauti ile uwanjani husimama, ingawa ubeti wa kwanza unaiombea Afrika nzima kabla ya kufika kwa Tanzania, na mimi nimeliheshimu sana jambo hilo tangu utotoni.

Mwalimu wa Uraia, Kahama

Nimesoma majibu yote kwa makini, na ninawashukuru kwa dhati, hasa Bibi wa Mkunazini, kwa kuwa habari ya bluu nitaianza nayo. Nimeamua kuigawa mada katika vipindi viwili. Katika cha kwanza tutasimama mbele ya nembo kama alivyoshauri Mchoraji, na katika cha pili kila mtoto ataleta kutoka nyumbani kitu kimoja ambacho anaamini kinamtambulisha Mtanzania, kisha ajieleze mbele ya wenzake kwa nini amekichagua. Sitasahihisha chaguo la mtu, ila nitadai sababu.

Nina ombi la mwisho. Katika mazoezi ya kuchora bendera, nusu ya darasa huigeuza, ama rangi zake ama mstari wake wa mshazari. Zipo hata bendera zilizochorwa ukutani katika baadhi ya shule zikiwa na kosa hilo. Je, kuna njia rahisi ya kuwakumbusha?

Mchoraji Mstaafu, Mwanza

Ipo, Mwalimu. Waambie waanze na mlingoti na si na rangi. Wachore mlingoti upande wa kushoto, kisha mstatili wa uwiano wa mbili kwa tatu, yaani ukiwa na kimo cha sentimita 10 urefu uwe sentimita 15. Mkanda mweusi unaanza kona ya chini penye mlingoti na kupanda hadi kona ya juu upande wa pili, haushuki kamwe. Kila upande wa mkanda huo upakane na mstari mwembamba wa dhahabu. Pembetatu inayogusa sehemu ya juu ya mlingoti ni ya kijani, na ile ya chini inayopepea mbali na mlingoti ni ya bluu.

Mkimaliza kuchora, watoke nje jioni saa kumi na mbili wakaitazame bendera ya ofisi ya kata au ya kituo cha polisi ikishushwa. Filimbi inapolia na wapita njia wote wakasimama kimya, mwenye baiskeli akashuka na mwenye mzigo kichwani akatulia, wahesabu ni pembetatu ipi iliyo juu.